Ngozi Huvutika, Tena Huota



Leo tuzungumze juu ya ngozi. Wengi wetu hudhani ngozi ni kama shuka: ukiivuta sana inachanika, ukiiachia inarudi. Sivyo. Ngozi ni kitu hai. Ikivutwa pole pole kwa siku nyingi, huota ngozi mpya.

Mmekwisha ona wenyewe. Tumbo la mama mja mzito hukua kwa miezi 9, na ngozi yake hukua pamoja nalo. Au mtazameni mzee wa Kimasai aliyetoga masikio tangu ujana. Alianza na tundu dogo la kijiti. Likipona, akatia kijiti kinene zaidi, halafu kinene zaidi, mpaka ndewe ikaning'inia. Je, angalitia kile kinene siku ya kwanza? Ndewe ingalichanika!

Sababu ni hii. Ngozi imejengwa kwa chembe hai ndogo mno, hazionekani kwa macho. Chembe hizo zikivutwa huhisi, nazo hugawanyika na kuongezeka. Mishipa midogo ya damu nayo huongezeka. Kazi hiyo inataka majuma, siyo siku moja. Ukivuta kwa haraka damu haipiti, ngozi inapauka, hatimaye inakufa. Hata kwa mja mzito tabaka la ndani huweza kuachana kidogo, ndiyo ile michirizi ya tumboni. Haina madhara, basi akina baba msiwacheke wake zenu.

Madaktari nao wametumia jambo hili. Mwaka 1957 daktari Charles Neumann wa Marekani alieleza jinsi alivyoweka kibofu cha mpira chini ya ngozi ya mtu aliyeharibika sikio, akakijaza kidogo kidogo kwa miezi 2 hivi. Ngozi iliyozidi akaitumia kutengenezea sikio. Siku hizi hutumika vibofu vya maji ya chumvi, mathalani kupata ngozi yenye nywele ya kufunika mahali palipokuwa na kovu la moto kichwani.

Sasa tuje nyumbani. Watoto wetu huungua kwa uji na kwa moto wa jikoni. Kovu si sawa na ngozi nzima. Lenyewe hujivuta na kukaza kwa miezi mingi. Mtoto aliyeungua kiwiko hupenda kukunja mkono, maana ndivyo maumivu yanavyopungua. Sisi wazazi tunamhurumia, tunamwacha. Huruma gani hiyo? Mkono unakaza umekunjwa, kesho hashiki jembe wala kalamu vizuri.

Kwa hiyo tangu siku za mwanzo mwulizeni mganga wa zahanati namna ya kuunyoosha. Mara nyingi hufungwa banzi usiku, na mchana mtoto hunyoosha mkono pole pole, mara kadhaa, kila siku, kwa miezi. Atalalamika kidogo. Lakini mkiona damu, au ngozi inapauka, mmezidisha.

Na lile kovu lililokwisha kauka miaka mingi? Msilivute wenyewe. Mpelekeni hospitali, kwani huenda likahitaji kupasuliwa kwanza, ndipo mkono unyooshwe.