Umri wa Mwanamke Kustaafu: Uko Wapi Uadilifu?

Maneno yaliyosomwa mbele ya jamaa wa jumuiya, Bujumbura





Suala lililowekwa mbele ya kikao hiki ni hili: je, ni uadilifu serikali kumwongezea mwanamke umri wa kupokea malipo ya uzeeni? Yaani mwanamke aliyetazamia kupumzika afikapo miaka 60, aambiwe angoje hata 65 au 66. Huenda msikilizaji wa Buyenzi akasema kwamba jambo hili ni la Wazungu, wala halimhusu muuza ndagala au mshona nguo. Asiharakishe. Mizani inayopimia mambo ya huko ndiyo itakayopimia mambo ya hapa, na huenda hapa ndipo penye uzito mkubwa zaidi.

Kumtunza mzee kwa mali ya umma si jambo geni kwa Waislamu. Abu Yusuf, katika kitabu chake cha Al-Kharaj, amesimulia kwamba Khalifa Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni pa watu. Alipomwuliza, akajua kwamba ni Myahudi aliyefikishwa hapo na uhitaji, uzee na kodi. Umar akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Baitul-mal amwangalie mzee huyo na walio mfano wake, na kodi akawaondolea. Hoja yake ilikuwa kwamba si haki kutumia nguvu za mtu wakati wa ujana wake, halafu kumtupa anapozeeka. Ijulikane vema kwamba mzee huyo hakuwa wa dini yake.

Ama huko Ulaya, Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya uzee mwaka 1889, na umri ukawekwa miaka 70; mwaka 1916 ukashushwa kuwa 65. Uingereza ilianza mwaka 1908, nayo kwa miaka 70, mwanamume na mwanamke sawasawa. Mwaka 1940 ndipo mwanamke wa Uingereza aliposhushiwa umri kuwa 60, na mwanamume akabaki 65. Kwa nini? Aghalabu mke ni mdogo kuliko mumewe. Mume akistaafu na mke hajafikia umri, nyumba hukaa ikitegemea malipo ya mtu mmoja. Tena tangu mwaka 1935 wanawake wasioolewa, wakiongozwa na Florence White wa mji wa Bradford, walikuwa wakilalamika kwamba mwanamke mtu mzima akitolewa kazini hapati kazi nyingine, na kwamba wengi wao wamemaliza nguvu zao kwa kuwauguza wazazi. Basi wale wasemao kwamba mwanamke alipendelewa bure hawajaisoma habari yote.

Mwaka 1995 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba umri wa mwanamke utapandishwa hatua kwa hatua toka 60 hata ulingane na wa mwanamume, kuanzia mwaka 2010 mpaka 2020. Kisha mwaka 2011 sheria nyingine ikauharakisha mwendo: 65 ikafikiwa Novemba 2018, na 66, kwa wote wawili, Oktoba 2020. Walioguswa ni wanawake waliozaliwa katika miaka ya 1950 na kitu, nao ni zaidi ya milioni tatu. Wengi wao walisema kwamba hawakupata habari mpaka siku zilipokuwa karibu. Barua za kumwarifu kila mmoja zilianza kupelekwa mwaka 2009, miaka 14 baada ya sheria kupita. Hebu fikirini mwanamke aliyekwisha kuacha kazi ili amwuguze mumewe, akiba yake ameihesabu imfikishe miaka 60, kisha barua inamfikia kwamba mlango umesogezwa mbele.

Wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikawakatalia. Kwa maoni ya majaji, sheria ile haikuwabagua wanawake. Lakini afisa wa Bunge anayechunguza malalamiko ya raia aliutazama upande mwingine wa jambo. Alisema kwamba wizara ilikosa kwa kuchelewa kuwaarifu, kwani barua zile zilipaswa kuanza kupelekwa si baada ya Desemba 2006. Mwezi wa Machi 2024 akapendekeza walipwe fidia ya pauni 1,000 mpaka 2,950 kila mmoja. Desemba mwaka ule ule serikali ikakataa, ikisema kwamba wengi walikwisha kujua, na kwamba fidia hiyo ingeweza kufika pauni bilioni 10 na nusu.

Hapa ndipo inapofaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo la kwanza ni hesabu ya miaka. La pili ni ahadi. Majaji waliulizwa habari ya hesabu, nao wakaijibu. Lakini jeraha la wanawake wale lilikuwa katika ahadi. Mtu aliyepanga nyumba kwa mkataba wa miaka kumi hawezi kuambiwa mwaka wa tisa kwamba mkataba umebadilika, kisha aridhishwe kwa maneno kwamba mkataba mpya ni sawa kwa wapangaji wote. Usawa wa namna hiyo ni wa karatasini.

Itazameni Ubelgiji, iliyotawala Burundi hata mwaka 1962. Nayo ilimtoa mwanamke toka 60 ikamfikisha 65, lakini ilianza mwaka 1997 kwa 61, ikawa ikiongeza mwaka mmoja kila baada ya miaka mitatu, hata ikafika 65 mwaka 2009. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule aliweza kuhesabu kwa vidole mwaka wake utakapofika. Kwa namna ya kuutekeleza, mwendo huu una insafu zaidi. Walakini haukuponya kila kitu, kwa maana mwanamke aliyefanya kazi nusu siku kwa ajili ya watoto bado hufika uzeeni na michango pungufu, hata umri uwe wo wote.

Algeria, nchi ya Waislamu, ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1983 iliweka miaka 60 kwa mwanamume na 55 kwa mwanamke, tena mwanamke aliyelea watoto akapunguziwa mwaka mmoja kwa kila mtoto, mpaka miaka mitatu. Mtu aweza kuipinga hesabu hiyo, lakini hawezi kukana kwamba waliotunga sheria ile walikumbuka jambo ambalo wengine wamelisahau: kulea ni kazi.

Nao wanaotetea kupandisha umri wana hoja, wala si haki kuwapuuza. Karibu katika kila nchi mwanamke huishi miaka kadhaa zaidi kuliko mwanamume. Akianza kupokea mapema na akaishi zaidi, mzigo huwaangukia vijana wanaochanga. Rwanda, jirani wa Burundi, kwa sheria ya mwaka 2015 ilipandisha umri toka 55 kuwa 60, mwanamume na mwanamke pamoja. Na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya mfuko wa kumlipa mama mshahara wake katika likizo ya uzazi. Kwa mkono mmoja ikaongeza, kwa mkono wa pili ikasaidia. Huo si mwenendo mbaya.

Sasa turudi Bujumbura. Katika Ruanda-Urundi, malipo ya uzeeni ya wafanyakazi yalianzishwa na Wabelgiji mwaka 1956; na Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 ikapata taasisi yake, ijulikanayo kwa herufi za INSS. Katika utaratibu huo umri ni miaka 60, mume na mke sawasawa. Mfanyakazi hukatwa asilimia 4 ya mshahara, na mwajiri huongeza 6. Basi mtu atasema, hapa hakuna ugomvi, usawa umekwisha kupatikana! La. Pana sharti jingine: ili mtu apate malipo ya kila mwezi ni lazima awe amechangiwa muda wa miaka 15. Akipungukiwa, hupewa fedha za mara moja tu, kisha yamekwisha.

Chukueni mfano wa mwanamke wa kubuniwa, ambaye wenzake hawakosi katika mtaa wo wote wa mji huu. Aliandikwa kazi dukani akiwa na miaka 22, akakaa miaka mitano. Akazaa mara ya pili, na mwenye duka akaona afadhali amwajiri mwingine. Akauza vitenge katika Soko Kuu hata lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, na mtaji wake ukateketea. Halafu akapata kazi ya upishi katika shule, iliyomwandikisha, akafanya miaka minane. Hesabuni: tano na nane ni kumi na tatu. Miaka ya soko haimo, kwa kuwa hapakuwa na mwajiri wa kumchangia, wala hakuna aliyemwambia habari ya kujichangia mwenyewe. Miaka ya kunyonyesha haimo. Nduguye wa kiume, aliyezaliwa nyumba moja naye, akakaa kazini pasipo kukatishwa, anapokea kila mwezi. Umri wao ni mmoja, sheria yao ni moja. Aliyezaa watoto sita ndiye aliyekosa.

Hivyo mtu wa Bujumbura akiulizwa kama ni haki kumwongezea mwanamke umri, anayo haki ya kujibu kwa swali: miaka yake mingine imekwisha kuhesabiwa? Na ajabu iliyoje, mwanamke huyu mwenye miaka 13 hangeuchukia mwaka wa 61 na wa 62 kama angeruhusiwa kuifanya kazi na kuchangiwa, kwani ndiyo ingemtimizia kumi na tano. Kuongezewa umri kwa lazima ni jambo moja, na kufunguliwa mlango kwa hiari ni jambo jingine kabisa.

Wako wasemao kwamba habari hizi hazimpasi mwanamke wa Kiislamu, maadam nafaka yake iko juu ya mumewe. Kweli, iko juu ya mumewe. Lakini mume hufa. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo? Katika mirathi, akiwa marehemu ameacha watoto, fungu la mke ni thumuni. Na wakiwa wake wawili, thumuni hiyo hiyo huigawana. Thumuni ya nyumba ya vyumba viwili Buyenzi ni ukuta. Watasema, wapo wana wa kiume. Naam, ni wajibu wao, na anayeukimbia atauulizwa. Lakini katika nchi hii iliyoona mwaka 1972, na ikaona tena vita vya 1993 na miaka iliyofuata, si kila mama aliyebakiwa na mwana wa kumlisha. Sheria ya nafaka haikuwekwa ili iwe kisingizio cha kumnyima mwanamke mshahara wake uliocheleweshwa. Na malipo ya uzeeni ni mshahara uliocheleweshwa, si sadaka.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kulisema katika kikao kama hiki. Ni rahisi kuzilaumu serikali. Lakini madrasa za mji huu zinafundishwa na nani? Chekechea zinaangaliwa na nani? Aghalabu ni wanawake, walioanza wakiwa wasichana, na sasa wana mvi. Hupewa bahasha mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine huambiwa wavumilie, ujira wao uko kwa Mungu. Ujira wa Mungu hauna shaka, ila haumwondolei mwajiri deni lake. Jumuiya inayomlipa mwalimu mshahara kila mwezi ni mwajiri kama mwenye kiwanda alivyo mwajiri, na inapasa kumwandikisha.

Wala jambo hili halingoji mkutano mwingine. Mwalimu mwenye miaka 45, akiandikishwa mwaka huu na kuchangiwa pasipo kukatishwa, atatimiza kumi na tano afikapo 60. Mwenye 46 amekwisha kupungukiwa na mwaka mmoja. Mwenye 50 atafika na kumi tu. Kwa hiyo kila kamati yenye madrasa ichukue daftari la walimu wake, iandike umri wa kila mmoja na mwaka aliouanza, ianze na wale wenye miaka 40 na kuendelea. Na kila mwanamke aliyewahi kukatwa mshahara, popote pale, aende kuuliza namba yake na idadi ya miezi aliyochangiwa, aandikiwe kwenye karatasi, aiweke pamoja na cheti chake cha ndoa.