Visiwa Viwili na Chembe ya Madini Joto

Asubuhi hii tunawaalika mpite nasi Mji wa Kale, katika kisiwa cha Mombasa, kwenye soko la samaki, penye changu, tafi na nguru. Jioni, katika vichochoro hivyo hivyo, mtakuta muhogo wa kuchoma, na ndimu na pilipili. Ni vyakula vya kila siku, na pengine ndiyo sababu hatuvifikirii.

Kuna kisiwa kingine ambacho watu wake hula muhogo kama sisi. Ni Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo. Katika miaka ya 1960 daktari mmoja Mbelgiji, François Delange, alifanya kazi huko pamoja na wenzake. Waliwakuta watu wengi wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, na watoto waliozaliwa wakiwa wamedumaa mwili na akili. Chanzo kilijulikana: upungufu wa madini joto, yaani iodini, ambayo mvua za milimani huiosha kutoka udongoni.

Lakini jambo moja liliwatatiza. Kaskazini ya kisiwa rovu lilikuwa limeenea, kusini-magharibi lilikuwa nadra. Na walipopima, iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Mtu mwenye haraka angalisema vipimo vimekosewa, akarudi kwao. Hawa walikaa na swali lile kwa miaka, hata likawafikisha kwenye muhogo. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu. Usiporowekwa na kupikwa ipasavyo, sumu inayobaki hugeuzwa na mwili kuwa kitu kiitwacho thiosianeti, nacho huizuia tezi kuchukua iodini. Mwenye iodini ya kutosha hadhuriki kwa urahisi. Mwenye haba huumia.

Na kipimo chenyewe ni kidogo mno! Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mama mwenye mimba 250. Mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70 hayafiki gramu 4. Kijiko cha chai kinayachukua yote. Upungufu ukiwa mkubwa, mimba huweza kuharibika, au ubongo wa mtoto usikue ipasavyo tumboni, na hasara hiyo hairudishwi akishazaliwa.

Katika Wafalme wa Pili, mlango wa 2, watu wa Yeriko walimwendea Elisha kwa sababu mji wao ulikuwa mzuri lakini maji yake yaliwadhuru. Nabii akaagiza chombo kipya na chumvi. Hatusemi kwamba Yeriko ilikosa iodini. Tusiitie Biblia maneno ambayo haikuyasema. Twaona tu kwamba mji waweza kupendeza macho, huku watoto wake wakipotea kwa jambo lisiloonekana.

Sisi wa pwani hujiambia, "Tuna bahari." Kwa samaki ni kweli. Kwa chumvi sivyo. Chumvi inayokaushwa kwa jua kule Gongoni, kaskazini ya Malindi, haibaki na iodini ya kutosha hata ikawafaa watu; ni lazima itiwe kiwandani. Sheria ya Kenya ililazimisha jambo hilo mwaka 1978. Ndiyo maana mama wa milimani, ambaye hajapata kuiona bahari, aweza kumlinda mwanawe kwa chumvi iliyotoka pwani kwetu. Na hapa Mji wa Kale pia, nyumba ambayo nguru amekuwa ghali kwake inaitegemea pakiti ile ile.

Delange hakuishia Idjwi. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake walionyesha kwamba hata Ulaya, kwenye nchi tajiri, watoto wachanga wengi walikuwa wakikosa iodini. Utajiri haukuwa umeangalia kitu kidogo hivyo.

Basi akina mama, na akina baba mnaotumwa Marikiti, someni pakiti kama imeandikwa kuwa ina iodini. Ile ya kupimwa kutoka gunia lililo wazi iacheni. Nyumbani iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu wa hapa kwetu. Wala hatusemi muongeze chumvi mezani. Wazee wenye presha wanajua wameambiwa nini na daktari. Kidogo kile kile mnachotumia chatosha, mradi kiwe na iodini. Kama nyumbani kuna mja mzito, tazameni pakiti hiyo leo.