Kiluma cha Ua wa Kanisa

Leo tuzungumze juu ya mmea ambao sisi wa Tawa huupita kila siku bila kuutazama. Kwa Kikamba twauita kiluma. Waswahili husema mshubiri. Huota penye mawe, na hata mahindi yakiwa yamekauka huweza kutoa maua mekundu, ndege chozi na nyuki wakaja kunywa.

Nilipoletwa katika kanisa hili nilikuta viluma vimejaa kando ya njia ya mlangoni. Mimi niliyetoka chuo cha theolojia na kuona bustani za mjini, niliona haya. Nikaamuru ving'olewe, nikapanda mawaridi. Nilisahau kwamba maji yetu huja kwa mgongo wa punda. Mawaridi hayakumaliza kiangazi kimoja.

Siku moja Susu mmoja wa ushirika akaja na kisu. Kuku wake walikuwa wagonjwa, naye alitaka jani la kukatia katika maji yao ya kunywa, kama ilivyo desturi. Akatazama vijiti vyangu vya miiba. "Mwana wakwa, ulimwuliza nani?"

Nilikuwa nimehubiri mara nyingi juu ya Adamu kuwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15). Kulima nililima.

Susu akaniambia kwamba utomvu ule aliupaka kwenye matiti alipowaachisha watoto wake kunyonya, na pia kwenye vidonda. Mizizi hutiwa katika pombe. Hilo hakunificha, wala mimi siwafichi. Lakini mwenye homa ya malaria asibaki nyumbani akinywa uchungu ule, ambao huendesha tumbo vikali. Apelekwe hospitali.

Nilitaka kwenda porini kuchimba vingine. Hiyo nayo si njia: wakataji walikwisha kuimaliza shubiri mahali pengi, hata mwaka 1986 Rais Moi akapiga marufuku kuivuna porini. Susu akaleta mbegu katika kitambaa, kutoka kiluma cha mpaka wa shamba lake. Tulizipanda katika mchanga, tukazifunika kidogo tu. Maji tuliyanyunyiza kwa kiasi, maana yakizidi mche huoza. Nami nilijifunza kungoja, kwa kuwa miaka hupita kabla ya ua la kwanza.

Sasa vipo kumi na vinne. Susu huvihesabu kila Jumapili kabla ya kuingia ibadani, na mpaka leo hajaniruhusu kukata hata jani moja.