Paka Dume Asiyeweza Kukojoa



Tunene machache juu ya paka, mlinzi wa ghala na majalada yetu.

Pengine twamwona paka dume akichutama mara kwa mara, akijikamua na kulia, wala hakitoki kitu ila labda tone la damu. Wengi wetu hudhani amefunga choo, tukamnywesha mafuta, tukalala. Hapo ndipo penye hatari. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno. Chembe kama mchanga zikishikamana na ute huiziba. Ya jike ni pana na fupi, kwa hiyo huzibwa kwa nadra. Mkojo ukizuiwa, kibofu huwa kigumu, mafigo hushindwa kazi, sumu huenea katika damu, na mwisho moyo husimama. Yote haya huweza kutimia kwa siku 2 au 3.

Basi yatupasa kumpeleka kwa daktari wa wanyama siku ile ile, naye hupitisha mpira mwembamba kuizibua njia. Tusimbonyeze tumbo, maana kibofu chaweza kupasuka. Wala tusimpe parasetamoli, kwani humwua paka.

Asili ya paka ni nchi kavu, wala hana desturi ya kunywa sana. Tumwekee maji safi mahali pawili au patatu, na chakula chake tukitie maji.

Paka hawezi kuandika barua ya malalamiko. Sisi wenye macho ndio makarani wake.