Jaji wa Texas na Ploti ya Ruiru



Majumba mengi ya kupangisha pale Kimbo na Membley, Ruiru, yamejengwa kwa jasho la Wakenya walio ng'ambo. Mke na mume wanafanya zamu za usiku Marekani, pesa zinatumwa nyumbani, ndugu anasimamia mafundi. Kisha ndoa inavunjika huko huko, na jaji wa Texas, tuseme, anaamuru mali igawanywe.

Wengi hukwama hapo. Talaka yenyewe yaweza kutambuliwa: Sheria ya Ndoa ya 2014 inaikubali, kwa mfano iwapo makao ya kudumu ya mmoja wenu kisheria yako nchi hiyo. Lakini msajili wa ardhi hapa kwetu habadilishi hatimiliki kwa agizo la jaji wa Texas. Marekani haimo katika orodha ya nchi ambazo hukumu zake husajiliwa Kenya chini ya sheria ya 1984. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba hata hukumu ya nchi isiyo kwenye orodha inaweza kutekelezwa, ila ufungue kesi mpya hapa. Kesi mpya ni wakili mwingine, gharama nyingine, na miezi ambayo mwenzako anatafuta mnunuzi.

Anayeumia zaidi ni yule ambaye jina lake halimo kwenye hati, na mara nyingi ni mama. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamtambua: mchango ni pesa, na pia ni kulea watoto, kutunza nyumba na kusimamia mali. Ila Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Lazima uthibitishe mchango wako. Na ploti ikiwa imeandikwa jina la shemeji au mama mkwe, jambo la kawaida sana huku kwetu, kazi ni ngumu maradufu.

Serikali izungumze na Marekani kuhusu hukumu za ndoa. Wakenya wa huko wameisubiri vya kutosha. Nawe dada, nawe kaka uliye huko, tunza risiti za kutuma pesa na jumbe ulizoandikiana na fundi. Ndoa ikianza kuyumba, usingoje hukumu. Mtafute wakili wa hapa Thika aombe zuio kwenye sajili ya ardhi kabla ploti haijauzwa.