Kapasita ya Kunyamazisha Kelele za Stima Isimdhuru Mtu

Mazungumzo kwa mafundi wa vyombo vya sauti na wakazi wa Kibera na Kawangware



Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, laini moja ya stima hubeba kazi nyingi. Mchomeleaji wa milango, kinyozi, kibanda cha sinema na kanisa huenda wote wakategemea nguzo moja. Mashine ya kuchomelea ikiwashwa, spika za jirani hukwaruza. Amplifaya hupelekwa kwa fundi, naye hufunga kapasita pale stima inapoingilia. Dawa hiyo ni sahihi, lakini kapasita isiyofaa yaweza kuwasha moto au kumfanya mtu apigwe na stima.

Kabla ya kununua chochote, sauti isikilizwe. Mvumo mzito usiokoma hata majirani wakizima mashine mara nyingi hutoka ndani ya amplifaya yenyewe, kwa sababu kapasita kubwa za kulainisha umeme zimekauka. Hizo ndizo za kubadilishwa. Mikwaruzo inayokuja na kuondoka pamoja na mashine ya jirani ndiyo inayohitaji kapasita ya kuchuja stima.

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Hata hivyo, kilele cha wimbi lake hufika karibu volti 340, na mashine zikiwashwa au kuzimwa volti huruka juu zaidi. Ndiyo maana kapasita iliyoandikwa 250V DC haifai hapo, hata kama mikrofaradi zake ni zilezile.

Kati ya waya wa moto na nyutro, hufungwa kapasita yenye alama ya X2 na maandishi 275V AC au 310V AC. Ukubwa wa mikrofaradi 0.1 hadi 0.47 hutosha vyombo vingi. Ikae baada ya fyuzi, na rezista ya megaomu 1 ifungwe sambamba nayo ili plagi ikichomolewa isibaki na chaji. X2 hujiponya inapopigwa na volti kali, lakini kila mara hupoteza uwezo kidogo. Kwa hiyo iliyotolewa kwenye runinga kuukuu ipimwe kwanza.

Kati ya waya wa moto au nyutro na kasha la chuma, ni kapasita ya aina ya Y pekee, kama Y2, inayoruhusiwa. Imeundwa ili ikiharibika isiunganishe stima na chuma. Ukubwa wake usizidi nanofaradi 4.7. Kiasi hicho hupitisha takribani miliampia 0.35 tu. Fundi akiweka mikrofaradi 0.1 mahali hapo, zitapita miliampia 7.5, na bila erthi njia ya mkondo huo ni mwili wa mtu aliyeshika maikrofoni.

Hapa ndipo penye hatari kubwa mitaani. Nyumba nyingi zina ekstensheni ya nyaya mbili, au tundu la tatu halijaunganishwa na kitu. Y2 mbili zikifungwa bila erthi, kasha hupata karibu nusu ya volti za laini, na anayeligusa huhisi mwasho. Katika nyumba kama hiyo, kichujio kipya kiwe cha X2 peke yake mpaka erthi ifungwe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA.

Madukani Luthuli Avenue, fundi asiulize mikrofaradi na bei tu. Asome mwilini mwa kapasita: alama ya X2 au Y2, na volti za AC. Isiyo na alama hizo irudishwe kwa muuzaji. Mteja naye ana haki ya kuonyeshwa kilichofungwa kabla kifuniko hakijarudishwa, kwa kuwa atakayeshika maikrofoni Jumapili huenda akawa mwanawe.