Kazi Ikamilike Shambani: Simu na Kishikwambi kwa Maafisa Ugani wa Milima ya Uluguru

Mada kwa ajili ya semina ya maafisa ugani na watendaji wa vijiji, Morogoro



Mada niliyopewa inauliza kama afisa ugani anaweza kufanya kazi yake kwa simu janja au kishikwambi, bila kompyuta mpakato. Nitaeleza msimamo wangu mapema ili mjadala uanzie hapo. Katika milima hii, simu inaifaa kazi yetu kuliko kompyuta. Wengi hutaja bei na uzito, na ni kweli, lakini kwangu sababu kubwa ni nyingine: kwa simu, taarifa inaweza kukamilika mbele ya mkulima, akaiona, akaikubali au akaipinga, kabla afisa hajashuka mlima. Kinachotukwamisha ni fomu. Tumeingia shambani na kifaa kipya tukiwa na fomu zilizobuniwa kwa ajili ya meza ya ofisi.

Jambo lenyewe si geni. Sensa ya mwaka 2012 ilijazwa kwenye karatasi. Ile ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi nchi nzima, na hesabu yake ikatupa watu 61,741,120, kati yao 3,197,104 wa mkoa wetu wa Morogoro. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2019. Makarani wa sensa walipanda njia zilezile tunazopanda sisi, Bunduki, Tchenzema na Tegetero, na hakuna aliyebeba kompyuta mgongoni. Vishikwambi hivyo baadaye walipewa walimu, na naamini katika ukumbi huu wapo waliooa au kuolewa na walimu ambao wamevishika.

Hata hapa mjini kwetu kuna mfano ambao tunaupita kila siku bila kuujua. Wataalamu wa kituo cha SACIDS katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData, kwa ajili ya kuripoti dalili za magonjwa ya watu na mifugo kutoka vijijini. Waliijenga juu ya ODK, mfumo huria unaomruhusu mtumiaji kujaza fomu mahali pasipo na mtandao, ikabaki ndani ya simu, kisha ikatumwa afikapo penye mtandao. Ninachowapongezea zaidi ni kwamba aliyeripoti hurudishiwa majibu kwenye simu yake. Mtu anayetuma taarifa miaka na miaka bila kujibiwa huacha kuituma kwa moyo, na ripoti zetu nyingi za robo mwaka zimedhoofika kwa njia hiyo.

Mfano wa pili unatugusa kama wataalamu, na naomba tuupokee bila kununa. Kwa wakulima wa mihogo wa Mkuyuni na Matombo, maradhi yanayoumiza ni batobato na michirizi ya kahawia. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya IITA, hutazama jani kupitia kamera ya simu na kutaja ugonjwa, bila bando wala mtandao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliilinganisha na watu. Nuru ilipatia asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58. Wakulima kati ya 18 na 31. Ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, ilifikia kati ya asilimia 74 na 88.

Wapo watakaosema basi mashine imetupita. Mimi nasoma hapo jambo la kiutendaji. Jani moja halitoshi, kwa simu wala kwa jicho. Chukua majani sita, ya juu na ya chini, na umwombe mwenye shamba ashike simu mwenyewe unapopiga. Atajifunza kutofautisha madoa hayo kwa kuyaona, na safari ijayo hatakusubiri. Kompyuta iliyobaki ofisini haiwezi kumfundisha mtu kusoma jani. Na hata Nuru ikishataja ugonjwa, haijui kama jirani wa juu ana mbegu safi ya kumuuzia, wala kama mkulima ana nguvu ya kung'oa mashina yaliyougua. Hiyo ni kazi yako.

Sasa nije kwenye vipimo vya mashamba, kwa sababu hapa ndipo simu hutusaidia sana na ndipo inapotuingiza kwenye ugomvi na wakulima.

Simu hupokea ishara za satelaiti bila bando. Wengi hawaamini hili, wanaacha kupima wakifika mahali ambapo mgongo wa mlima umekata mtandao. Pasipo na mtandao, kuipata nukta ya kwanza huchukua dakika kadhaa badala ya sekunde. Subiri mahali pa wazi, si chini ya migomba. ODK kwa kawaida huipokea nukta pale kosa linaposhuka hadi mita 5. Kwa shamba la ekari tatu kule tambarare, mita 5 ni kitu kidogo. Kwa kipande cha mita 20 kwa 20 cha karoti kule Nyandira, kosa la mita 5 kwenye kila kona linaweza kubadilisha shamba lote. Ushauri wangu ni huu: shamba lililo chini ya robo ekari lipimwe kwa kamba, na simu iandike kipimo hicho pamoja na nukta moja tu ya katikati.

Kuna jambo la mteremko pia. Simu hupima ardhi kana kwamba imelazwa, kama wapima ardhi wafanyavyo popote duniani. Mkulima hupima kwa kamba au hatua, akifuata udongo jinsi unavyopanda. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, na Uluguru ina mingi mikali kuliko huo, kipande ambacho kamba inasema ni ekari moja, simu itasema ni ekari 0.87. Hakuna aliyedanganya. Kwa hati ya ardhi, kipimo cha simu ndicho sahihi. Kwa mbegu na mbolea, mkulima anayepanda kwa nafasi zilezile akifuata mteremko ana mashimo mengi kuliko ekari 0.87 inavyoonyesha; ukimpangia mbolea kwa kipimo cha simu, katika kila mifuko minane mmoja utapungua. Programu inaweza kufanya hesabu hiyo yenyewe ikiwa fomu ina swali la mteremko, na simu hiyohiyo, ikilazwa juu ya ubao, hupima nyuzi. Fomu nyingi ninazoziona hazina swali hilo. Zilitungwa kwa ajili ya mashamba ya tambarare.

Kwa nini nakaza juu ya kipimo? Kwa sababu kupima shamba la mtu katika milima hii kuna historia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi chini ya mpango wake wa matumizi ya ardhi. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Mgeni anayezunguka mpaka wa shamba akitazama kioo mkononi, bila kueleza anachoandika, anaamsha kumbukumbu ambayo hakuja nayo. Dawa ni kumgeuzia mkulima kioo, aione ramani ya shamba lake, asome jina lake, aseme kama mpaka wa juu unapita kwenye ule mti au kwenye lile jiwe.

Iringa Vijijini walilifanya hili vizuri katikati ya miaka ya 2010, kwenye mradi ulioitwa MAST. Vijana wa kijiji walifundishwa kupima mashamba kwa simu kwa ajili ya hati miliki za kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Walitembea na mwenye shamba pamoja na majirani zake, na matokeo yakabandikwa hadharani ili yapingwe kabla ya hati kutolewa. Kifaa kilikuwa cha bei ya kawaida. Kilicholeta imani ni majirani kuwapo na nafasi ya kupinga.

Hapa nitakaa kidogo kwenye fomu, maana ndiyo mzizi. Karatasi ina pambizo. Ukikuta jambo ambalo aliyetunga fomu hakulijua, unaliandika pembeni kwa kalamu. Fomu ya simu ina orodha ya majibu ya kuchagua, na jibu lisilokuwamo halipo. Chukua swali la kawaida la mwenye shamba. Fomu huuliza mkuu wa kaya, kisha inamwandika huyo kuwa mwenye ardhi. Kwa Waluguru, ardhi ya asili hurithiwa kupitia ukoo wa mama. Mume anaweza kulima miaka thelathini shamba ambalo ni la ukoo wa mkewe, na siku atakapoondoka shamba linabaki kwao. Ukimwandika yeye kwa sababu orodha haina jibu jingine, umehamisha ardhi ya ukoo kwa kugusa kioo mara moja. Nataka fomu zetu ziwe na maswali mawili tofauti, nani analima na ardhi ni ya nani, na sehemu ya maelezo ya bure chini yake. Kuandika maelezo marefu kwa kidole kunachosha, nakubali. Lakini tangu mwaka 2017 Google imewezesha Kiswahili kuandikwa kwa kuzungumza, na pasipo na mtandao unaweza kurekodi sauti ukaiandika baadaye.

Kuhusu umeme na mvua nitasema machache, kwa kuwa mnayajua kuliko mimi. Chaja ya simu ya kawaida inahitaji wati 10 hivi; ya kompyuta mpakato mara nyingi 45 hadi 65. Paneli ndogo ya sola juu ya bati la ofisi ya kijiji inaimudu ya kwanza na inashindwa na ya pili. Pawabenki ya mAh 20,000 hujaza simu mara mbili na zaidi. Mvua ya Kinole na Tegetero ndiyo adui: matone juu ya kioo huyafanya maguso yakose shabaha, na tarakimu ikakaa mahali pasipo pake. Weka simu ndani ya mfuko wa plastiki mwepesi na usome tena kila tarakimu kwa sauti, mkulima akisikia.

Je, kompyuta itupwe? Hapana. Nisingependa mtu aandae bajeti ya kata, au jedwali la mavuno lenye safu ishirini, au ripoti ya mwaka ya kurasa arobaini, kwa kioo cha inchi sita. Macho yataumia na makosa yataingia. Kuchora ramani ya kata nzima na kulinganisha misimu pia ni kazi ya kioo kikubwa. Kwa maoni yangu kompyuta moja nzuri kwa kata, yenye ratiba ya matumizi, inatosha. Kishikwambi chenye kibodi ndogo kinaweza kubeba barua na mihtasari ya vikao. Pikipiki zilizogawiwa maafisa ugani mwaka 2022 zilitufikisha kwa mkulima haraka zaidi. Itakuwa hasara tukimaliza naye mapema kisha tukeshe ofisini tukinakili daftari kwenye Excel.

Jambo la mwisho linahusu taarifa za watu. Wengi wetu tunatumia simu zetu binafsi. Majina ya wakulima, namba zao, picha za vitambulisho vyao na mipaka ya mashamba yao vimo kwenye WhatsApp, kando ya picha za harusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamhusu kila anayekusanya taarifa za mtu, nasi tumo. Afisa akihamishwa, taarifa huondoka naye. Simu ikiibiwa stendi ya Msamvu, zimeibiwa za kijiji kizima. Kundi la WhatsApp litumike kuitana mikutanoni na kupashana bei za kabichi za Soko Kuu la Chifu Kingalu. Taarifa za mkulima zipitie fomu inayotuma moja kwa moja kwenye hifadhi ya halmashauri, simu iwe na namba ya siri, na zikishapokelewa zifutwe kwenye simu.

Naomba vikundi vya mchana vifanye kazi moja. Maafisa wa tarafa ya Mgeta wachukue fomu ya mazao ya bustani, wa tarafa ya Matombo waichukue ya mihogo na viungo. Ondoeni kila swali ambalo hakuna aliyewahi kulifanyia kazi. Ongezeni mteremko, ongezeni mwenye ardhi, na mwishoni wekeni swali ambalo mkulima mwenyewe atalijibu akiwa ameshika simu: je, yaliyoandikwa hapa ni sahihi? Wakulima mlioko hapa mtakaa ndani ya vikundi hivyo, na fomu ambayo ninyi hamjaikubali haitapelekwa halmashauri. Mtakayoikubali tutaijaribu katika kijiji kimoja kila upande kabla ya masika kuanza, maana mvua ikishaanza hakuna atakayekuwa na muda wa kuturekebisha.